Kufuata Maji ya Bamvua: Siku Saba za Vitwitwi wa Mida na Sabaki

Siku ya kwanza: Tanga hadi Watamu

Wiki hii niliichagua kwa kalenda ya mwezi, wala si kwa kalenda ya shule ninayofundisha, kwa sababu anayekwenda kuwatazama ndege wa pwani bila kujua maji yatapwa saa ngapi ni sawa na mtu anayekwenda gulioni siku isiyo ya gulio. Tulikuwa mwishoni mwa Machi. Mwezi ulibakiwa na siku mbili tu kuwa mpevu, kaskazi ilikuwa imeishiwa nguvu na kusi haijaanza kuvuma, na ndege waliokuwa nasi tangu Agosti na Septemba walikuwa katika majuma yao ya mwisho kabla ya kurudi kaskazini kuzaa.

Nilitoka Tanga alfajiri, nikavuka mpaka Horohoro, nikapanda matatu ya Lungalunga hadi Likoni, nikavuka kwa kivuko, kisha nikaendelea na gari la Malindi kupitia Mtwapa na Kilifi. Gari lilipokuwa juu ya daraja la Kilifi, saa tisa kasoro mchana, nilichungulia chini nikaona maji yamejaa hadi kwenye majani ya mikoko. Abiria mwenzangu alisema mandhari ni mazuri. Ni kweli, lakini mimi nilikuwa nikijiuliza ndege wote wa hori ile wamesimama wapi saa hiyo. Swali hilo lilinifuata safari nzima.

Nilishuka Gede na kuchukua bajaji, ambayo wenzetu wa huku huiita tuktuk, mpaka Watamu. Jioni nilikaa barazani kupanga daftari langu, na hapo ndipo nilipokwama kwenye majina. Kiswahili cha pwani huwakusanya ndege hawa wadogo wa mchangani na topeni kwa neno moja, kitwitwi, jina ambalo masikioni mwangu ni mlio wenyewe. Neno hilo latosha kwa mvuvi, ila halimtoshi mtu anayetaka kuhesabu. Wataalamu huwagawa katika koo mbili kubwa, nami nimeamua kuzipa majina yangu mwenyewe kwa ajili ya safari hii. Wa kwanza nitawaita vitwitwi wa macho: vichwa vya mviringo, macho makubwa, midomo mifupi, hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hutazama, kisha hudonoa. Wa pili nitawaita vitwitwi wa mdomo: hawa hutembea huku wakichomachoma tope kwa midomo mirefu ambayo ncha yake imejaa mishipa ya fahamu, hata hujua kuna mnyoo ndani bila kumwona. Wa tatu yuko peke yake katika ukoo wake, na ndiye hasa aliyenitoa nyumbani. Nitamwita mlakaa.

Siku ya pili: Mida, maji yakipwa

Kwa mujibu wa majedwali, maji yangefika chini kabisa saa tatu na nusu asubuhi, kwa hiyo saa moja tayari tulikuwa njiani kwa miguu, mimi na kijana Mgiriama ambaye huwatembeza wageni kwa niaba ya kikundi cha wanakijiji. Hori ya Mida imo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo pamoja na ile ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Upande wa bara uko msitu wa Arabuko-Sokoke, na katikati ya msitu na maji limepita daraja la kamba na mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko, ambalo huyumba kila mtu anapopiga hatua na kuishia kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Mwanzoni unapita kati ya mikandaa mifupi, kisha mikoko yenye mizizi kama miguu ya buibui, na mwishoni kabisa michu iliyotapakaa, na hapo tambarare ya tope hufunguka mbele yako yote kwa pamoja.

Tulikuta maji bado yanarudi nyuma, na ndege wanayafuata. Hili ndilo jambo ambalo picha haziwezi kulionyesha. Hawasubiri tope likauke ndipo washuke. Huenda na ukingo wa maji hatua kwa hatua, kwa kuwa pale ukingoni ndipo minyoo na kaa wanapokuwa bado karibu na uso wa tope. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake kulingana na mdomo na miguu aliyojaliwa. Sululu walisimama ndani ya maji ya magotini, na midomo yao iliyopinda ni sululu kwelikweli, kama ile ya mchimba mtaro, wakiizamisha katika mashimo ya kaa mpaka karibu na macho. Vitwitwi wa Terek, walioitwa kwa jina la mto unaoingia Bahari ya Kaspi, walikimbia wakiwa wameinama kama watu walioangusha sarafu. Midomo yao imepinda kuelekea juu, miguu ni ya rangi ya chungwa, na kaa wenye gando moja kubwa walikuwa wakiingia mashimoni mbele yao kama mlango unaofungwa.

Walio wengi zaidi walikuwa vitwitwi wa mchanga, ambao ni wa macho. Wapo wa aina mbili na kuwatofautisha kumewatoa watu wengi jasho. Mkubwa ana mdomo mrefu na mnene zaidi na miguu yenye ukijani, mdogo ana mdomo mfupi na miguu myeusi, na wote wawili wakati wa baridi ya kwao ni wa rangi ya mchanga mtupu. Bahati yangu ni kwamba mwishoni mwa Machi hawakuwa tena watupu: vifua vilikuwa vimeanza kuvaa rangi ya matofali, baadhi nusu tu, kama nguo ambayo fundi hajaimaliza. Mkubwa huzaa katika nyika kavu kuanzia Uturuki hadi Mongolia. Mdogo hupanda Pamir, Himalaya na Tibet na kuzaa kwenye nyanda zilizo zaidi ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Nilimweleza kijana kwamba ndege yule aliyesimama topeni, ambaye kwa miezi saba hajapanda juu ya kimo cha mkoko, atakuwa na viota vyake jirani na theluji. Akatazama tena kwa darubini, akasema, "Basi mwalimu, huyu huku ndiko amekuja likizo."

Walakaa walikuja saa tatu. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, sauti kama za watu wanaobishana kwa mbali, kisha kundi la 60 na kitu likatua upande wa kulia. Mlakaa ni mweupe pepepe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha buluu, na mdomo mweusi mnene ambao haufanani na wa ndege yeyote mwingine topeni, mithili ya kisu kifupi cha kupasulia nazi. Humnyatia kaa, hukimbia ghafla, humchoma. Kaa mdogo humezwa mzima, mkubwa hupondwapondwa mpaka miguu ing'oke. Wazungu humhesabu kwa jina pamoja na vitwitwi wa macho, na hapo sisi tusio na jina maalumu tumepona kosa, kwa kuwa uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba jamaa zake wa karibu ni wengine kabisa, na yeye ndiye pekee katika familia yake, Dromadidae.

Ajabu yake kubwa iko mbali na Mida. Huzaa kati ya Aprili na Agosti katika visiwa vya mchanga vya Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, na hujichimbia shimo refu ardhini kama panya. Ndani yake jike hutaga yai moja tu, jeupe, kwani lililo gizani halihitaji madoa ya kujificha. Joto la mchanga wenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuatamia, hivyo wazazi huweza kuondoka kwa muda mrefu kwenda kula. Hakuna ndege mwingine wa pwani katika kundi hili anayefanya hivyo. Na kwa sababu ni mtoto mmoja tu, humlea mno: tuliona kwa macho yetu kijana wa mwaka jana, mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi, amefika Kenya kwa mabawa yake mwenyewe, pengine zaidi ya kilomita 3,000 kutoka shimo alimozaliwa, na bado anamfuata mzazi nyuma kwa unyonge akilia apewe kaa. Akapewa.

Usiku, maji yalipopwa tena karibu saa nne, nilirudi ukingoni. Mwezi ulimulika tope lote na walakaa walikuwa kazini. Wenye macho makubwa hawajui mchana na usiku. Wanajua maji kujaa na kupwa.

Siku ya tatu: Mida, maji yakijaa

Leo mwezi ni mpevu, na tumeanza kuingia katika bamvua lenyewe, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, ilhali wakati wa maji mafu hupungua sana. Kwa ndege, maana yake ni kwamba siku za bamvua meza ni kubwa kuliko siku zote, lakini saa ya kujaa hakuna hata pembe ya kukaa.

Asubuhi sina mengi ya kuandika, isipokuwa kwamba nilijitia ujuzi, nikakataa kufuata njia ya wachimba chambo na kukata moja kwa moja kuelekea kundi la vitwitwi wa kijivu. Nilizama mpaka mapajani. Kiatu cha kushoto kiko Mida hadi leo. Kundi lenyewe liliruka, na angalau nililiona vizuri lile doa jeusi la makwapani ambalo humtambulisha ndege huyu akiwa angani hata ukimtazama kwa jicho tupu.

Saa nane mchana tulipanda mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi, tukajificha upande wa kivuli wa mikoko na kusubiri. Kuanzia saa tisa tambarare ilianza kumezwa. Ndege walisogea, wakasogea tena, wakabanana. Sululu na vitwitwi wa Terek waliamua mapema: waliruka na kutua juu ya matawi ya mikoko, jambo linaloshangaza kidogo ukiwaona kwa mara ya kwanza, maana unatarajia miguu ya topeni iwe ya topeni. Waliobaki walikusanyika kwenye kifungu kimoja cha mchanga ambacho saa kumi kasoro robo kilikuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira, na saa kumi na robo kikawa na ukubwa wa ua wa nyumba. Nilihesabu walakaa 212, wamesimama mbele kwa safu kama maaskari, na nyuma yao vitwitwi wa mchanga ambao niliacha kuwahesabu nilipofika 900, kwa sababu walikuwa wakijipenyeza chini ya miguu ya wakubwa.

Mtumbwi ulikuwa umesukumwa na maji hadi hatua 40 hivi kutoka kwao. Hawakuruka.

"Mzee," nikanong'ona, "mbona leo hawatuogopi?"

"Wanatuogopa, mwanangu," akajibu. "Hawana pa kwenda."

Akachovya kafi taratibu, akaturudisha nyuma.

Nimelifikiria jibu lile usiku huu kuliko hesabu zote nilizoandika. Tunapozungumza juu ya kuwalinda ndege hawa huwa tunataja chakula, yaani tope na mikoko, na ni sawa. Lakini mahali pa kula pa Mida ni pakubwa, na mahali pa kusimama kwa muda wa zile saa mbili ambazo maji yako juu ni padogo mno. Mtu mmoja mwenye mbwa, au mashua moja ya mwendo kasi inayokata kona kwa furaha, huweza kuwarusha ndege 1,000 mara tatu katika saa ileile, na kila kuruka ni mafuta yanayoungua. Mwishoni mwa Machi mafuta ndiyo nauli yao. Ndege mwenye gramu 60 huongeza zaidi ya theluthi ya uzito wake kabla ya kuondoka, na wengine wa safari ndefu hupunguza hata ukubwa wa tumbo na utumbo ili wasibebe kisichohitajika njiani. Mwaka 2022 mmoja wa jamaa zao, kinda wa miezi michache aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, kilomita 13,560 kwa siku 11. Nauli ya namna hiyo hailipwi kwa kukurupushwa.

Siku ya nne: ufukwe wa Watamu

Siku ya kupumzisha miguu, na ya kununua kandambili. Ufukweni kulikuwa na vitwitwi weupe wanaokimbizana na mawimbi, wakishuka nalo na kupanda nalo bila kulowa, na juu ya miamba wale wenye tabia ya kugeuza mawe na mwani kwa mdomo kutafuta kilichojificha chini. Wote hao ni wageni kutoka tundra, zile nyanda za baridi zisizo na miti kaskazini kabisa mwa dunia.

Mwenyeji ni mmoja: kitwitwi mwenye paji jeupe, ambaye hakai Siberia wala Tibet bali huzaa hapahapa, juu kidogo ya alama ya maji makuu. Kiota chake ni kishimo tu mchangani, na anapoondoka huyafukia mayai nusu. Nilikuta jozi moja mbele ya nyumba ya wageni, na mmoja wao alianza kuniburutia bawa kana kwamba limevunjika. Nikajua nimekaribia mno, nikarudi kwa nyayo zangu zilezile nilizokuja nazo, ili nisikanyage nisichokiona. Dakika tano baadaye watoto wawili wa watalii walipita palepale na ndoo. Sijui kilichotokea, niligeuza uso.

Siku ya tano: Malindi na mdomo wa Sabaki

Maji yangepwa saa tano na robo. Nilifika Malindi mapema, nikavuka daraja la Sabaki kwa bodaboda, nikateremka kwa miguu kuelekea baharini upande wa kaskazini wa mto.

Sabaki si Mida. Mida maji ni maangavu na tope limetulia; hapa kila kitu ni chekundu. Mto huu huanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hupita Ukambani, huitwa Galana unapokata Tsavo, na kufika hapa ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu wasioijua bahari. Watu wa hoteli za Malindi hulalamika kwamba udongo huo umeusukuma ufukwe mbali na kuyachafua maji, na wana haki ya kulalamika. Mmomonyoko huo ni msiba kwa mkulima wa Machakos pia. Lakini mtu akitembea mdomoni mwa mto maji yakipwa, haachi kuona kwamba msiba huohuo umekuwa sahani: mafungu mapya ya tope laini, mabwawa ya maji yaliyochanganyika chumvi, nyasi zinazoota juu ya nchi ambayo miaka michache iliyopita haikuwapo. Nilikaa juu ya gogo lililoletwa na mto nikakiri moyoni kwamba sijui nimhesabu nani kuwa mwenye hasara.

Waliotawala hapa ni wa mdomo. Kundi kubwa la vitwitwi wenye midomo iliyopinda kidogo kuelekea chini lilikuwa likila kwa kasi ya cherehani, na wengi walikuwa tayari wamegeuka rangi ya kutu kuanzia usoni hadi tumboni. Hawa huzaa kaskazini kabisa mwa Siberia, na maisha ya watoto wao hutegemea mnyama asiyehusiana nao kwa lolote, panya wa tundra aitwaye lemingi. Mwaka ambao lemingi ni wengi, mbweha hushiba panya na kuviacha viota. Mwaka wa lemingi wachache, mbweha huyageukia mayai na makinda. Kwa hiyo hata mtu aliyekaa Sabaki mwezi wa Oktoba anaweza kukisia hali ya panya wa Siberia kwa kuhesabu ni wangapi kati ya ndege waliofika ni wa mwaka huo. Mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, liliwapandisha ndege hawa pamoja na kitwitwi wa kijivu hadi daraja la walio hatarini, kwa sababu ya kupungua kwao duniani.

Kwenye nyasi fupi nyuma ya mchanga nilimkuta mwenyeji mwingine, kitwitwi wa Kittlitz, mwenye ufito mweusi unaopita jichoni na kuzunguka nyuma ya shingo. Huyu humshinda yule wa Watamu kwa kufukia: akiona adui, husimama juu ya mayai na kupiga mchanga kwa miguu huku akijizungusha, na katika sekunde chache hakuna yai linaloonekana. Nililala kifudifudi nikamtazama mmoja akirudi. Aliendelea kusimama na kuchungulia kwa robo saa kabla ya kuthubutu kuyafukua.

Mchungaji wa ng'ombe aliyekuwa akivusha mifugo aliniuliza natafuta nini, nikamwambia vitwitwi. Akaniambia nimekosea mwezi. Nije wakati wa kusi, ndipo wanapofika ndege wengi kama nzige, wakiwinda wadudu hewani jioni. Nilielewa anamtaja nani: ni jamaa wa ukoo wa karibu na mlakaa, ambaye huzaa Bukini, yaani Madagaska, na kuvuka kuja hapa baada ya kuzaa. Yaani pwani hii wanapoondoka wa kaskazini, wa kusini ndio kwanza wanafunga mizigo kuja. Kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu mchungaji.

Siku ya sita: Ngomeni

Siku fupi. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni yana vidimbwi vya kina mbalimbali, na ndege walipangana humo kwa urefu wa miguu: wenye miguu mirefu myekundu katikati, wadogo kabisa kandokando. Jua la chumvini linaumiza macho, nami sikukaa.

Kutoka ufukweni unaonekana mtambo wa zamani wa Waitalia ulio baharini, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya utafiti wa nyota iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mvuvi aliyenionyesha hakujua kwamba siku hizi kuna setilaiti zinazopokea ishara za vifaa walivyofungwa ndege. Nilipomweleza alicheka, akauliza kama ndege naye hulipia hewani.

Siku ya saba: kurudi Mida

Nilirudi Watamu mchana, nikaenda moja kwa moja kibandani. Kijana alikuwa ameshafika na daftari lake. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lenye kituo hapa Watamu, limekuwa likiwatega na kuwavisha pete ndege wa hori hii kwa miaka mingi, na yeye amejifunza kutafuta pete miguuni kama kondakta anavyotafuta nauli. Hatukuona hata moja.

Nilikuja kwa tamaa ya kuwaona wakiondoka. Mabaharia wa zamani walikuja pwani hii kwa kaskazi na kurudi Oman na Ghuba kwa kusi, wakingoja upepo wakati mwingine kwa miezi. Walakaa hushika njia ileile ya bahari lakini hawakuisoma kalenda ya majahazi sawasawa: huanza kufika Agosti, wakati kusi bado inavuma usoni mwao, na huondoka mara kusi inapoanza au hata kabla. Inakadiriwa kwamba duniani kote wako 60,000 hadi 80,000 tu, na sehemu kubwa kati yao hugawana pwani chache: yetu, na nyingine kama Barr al Hikman kule Oman, ambako takriban nusu milioni ya ndege wa pwani wa kila aina hukaa majira ya baridi. Njia hizi zikikatika, hazirudi. Alikuwapo jamaa mmoja wa sululu, mwenye mdomo mwembamba, aliyekuwa akihama kati ya Siberia na Afrika Kaskazini; mara ya mwisho alionekana bila shaka yoyote mwaka 1995 huko Merja Zerga, Morocco, akiwa peke yake.

Maji yangejaa saa moja usiku. Kuanzia saa kumi na moja ndege walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye kifungu kilekile cha siku ya tatu, lakini hawakutulia kama siku ile. Waliojitenga ni vitwitwi wa kijivu, 44 kwa hesabu yangu na 43 kwa ya kijana, matumbo mengi yakiwa meusi tayari. Walioga. Walitengeneza manyoya, wakaoga tena. Mmoja aliita, filimbi ya sauti tatu inayoshuka katikati na kupanda, na wengine wakajibu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini waliruka wote kwa pamoja. Mara ya kwanza walizunguka na kutua. Mara ya pili hawakutua; walipanda kwa mzunguko mpana juu ya mikoko, wakapita juu ya vichwa vyetu wakiitana, na walipofika juu ya miti ya Arabuko-Sokoke fungu lile lisilo na umbo lilijinyoosha likawa mshazari, kisha pembe yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Walielekea kaskazini kwa mashariki kidogo. Niliwashika kwa darubini mpaka wakawa vumbi, na baada ya hapo niliendelea kushika mahali walipokuwa.

"Mwalimu," kijana akaniuliza, kalamu mkononi, "niwaandike waliopo au walioondoka?"

Kabla sijamjibu, alinyoosha mkono. Wawili walikuwa wamejitoa katika pembe ile na kurudi, bila haraka, chini ya mwanga uliobaki. Walikuwa wa kijivu kitupu, bila hata unyoya mmoja mweusi tumboni. Vijana wa mwaka jana, ambao wengi wao hukaa huku hadi mwaka unaofuata. Walitua katikati ya vitwitwi wa mchanga, ambao walisogea kidogo kuwapisha, na kila mmoja akakunja mguu mmoja. Kijana aliandika: 41, kaskazini mashariki, saa 12:20 jioni. Chini yake akaandika: 2, wapo.